Utamu Usio wa Sukari, na Tumbo Lisilotulia

Katika muda wa mwezi mmoja zimetufikia barua mbili juu ya jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani. Ya kwanza yatoka kwa mama wa nyumba katika mji wa Korogwe. Ya pili yatoka kwa mwalimu wa shule upande wa Handeni. Mama auliza kwa nini mume wake, ambaye daktari amemkataza sukari, ameshikwa na tumbo la kuhara tangu alipoanza kula biskuti na peremende zilizoandikwa kwamba hazina sukari. Mwalimu auliza kama yafaa nyumba isiyotumia pombe kula peremende ambazo juu ya karatasi yake ameona neno alkoholi. Tumeona vema kuwajibu wote wawili mahali pamoja, maana jibu la mmoja ni nusu ya jibu la mwenziwe. Tena twajua ziko nyumba nyingine kati ya Mto Pangani na vilima vya Uzigua zenye taabu hiyo hiyo, nazo hazikuandika.

Tumwondoe mwalimu katika mashaka kwanza, kwa kuwa neno lake ni fupi. Kwa mtaalamu wa kemia alkoholi si jina la kileo peke yake. Ni jina la ukoo mkubwa wa vitu vilivyoumbwa kwa namna moja, na kile kilichomo katika tembo na bia ni mtoto mmoja tu wa ukoo huo. Gliserini mnayojipaka mikono ikikauka wakati wa kipupwe ni ya ukoo huo huo, wala hatujasikia mtu aliyelewa kwa kujipaka. Vitu vinavyotiwa katika peremende zisizo na sukari ni ndugu za gliserini. Wataalamu huviita polioli, na majina yao ni sorbitoli, manitoli, maltitoli, zailitoli, isomalti na erithritoli. Havileweshi hata kidogo. Basi mwalimu na awape watoto wake peremende bila hofu ya pombe. Walakini asiwape nyingi, kwa sababu tutakayoieleza.

Habari ya mume wa yule mama twaijua zaidi kuliko ilivyoandikwa, kwa kuwa tulikwenda kumtazama. Yeye naye ni mwalimu, amestaafu, ana shamba la mahindi na michungwa michache. Mwaka uliopita alionekana kuwa na ugonjwa wa kisukari. Alipewa vidonge vya metformini, akaagizwa kuacha sukari katika chai, kuacha soda, na kupunguza ugali. Mtu huyu alikuwa akinywa chai kwa vijiko vinne vya sukari tangu ujana wake, na neno la daktari lilimwingia kama msiba. Alitii. Lakini nyumba nzima iliona jinsi alivyokikalia kikombe chake asubuhi, akikitazama tu, hata kikapoa.

Mwanawe afanyaye kazi Dar es Salaam alisikia, akamhurumia baba yake. Akamletea sanduku kwa basi: biskuti za wagonjwa wa kisukari, peremende za namna tatu, na chupa ya unga mweupe ufananao na sukari. Mzee alifurahi mno. Peremende akazitia katika mfuko wa koti, akawa anamumunya moja baada ya moja akiwa shambani, akiwa barazani, hata akienda kanisani na kurudi.

Katika juma la pili tumbo likaanza. Lilijaa upepo baada ya chakula cha mchana, likanguruma hata wageni wakasikia, kisha likaanza kuendesha mara nne na tano kwa siku. Mzee akawaza moyoni: hivi ni vile vidonge. Wala hakukosa kuwa na sababu, kwa kuwa alipovianza aliambiwa vyaweza kusumbua tumbo. Akaviacha kimya kimya, asimwambie mkewe wala daktari. Akaenda kwenye duka moja la dawa, akapimwa damu, akaambiwa ana taifodi. Akanywa dawa za taifodi siku kumi. Dawa zilikuwa chungu, na kwa ajili ya uchungu huo akazidisha peremende! Tumbo likazidi.

Mwezi ulipokwisha alikuwa amekonda, anaona kiu isiyoisha, anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na macho yake yameingia ukungu. Alipochukuliwa hospitali sukari ya damu yake ilikuwa imepanda sana. Aliyempokea ni muuguzi kijana, mwanafunzi wake wa zamani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mwalimu, nakuomba unitajie kila kitu unachotia kinywani tangu asubuhi hata usiku.”

“Ugali kidogo, mboga, samaki nikipata, na chai kavu isiyo na sukari.”

“Na kingine?”

“Hakuna kingine.”

Mkewe aliyekuwa amesimama nyuma akasema, “Baba, na zile peremende je?”

“Zile si sukari,” akajibu mzee, “ndiyo maana sikuzitaja.”

Muuguzi akaomba ruhusa ya kutazama mfuko wa koti. Akatoa vikaratasi kumi na kimoja, vya siku ile moja tu. Akageuza kimoja, akasoma maandishi madogo, akacheka kwa upole, akaenda kumwita daktari.

Sasa tueleze ni nini alichokisoma.

Sorbitoli si kitu cha ajabu wala si sumu. Mfaransa mmoja, Boussingault, aliitambua mwaka 1872 katika tunda dogo jekundu la mti wa nchi za baridi. Tangu hapo imeonekana katika matunda mengi, na sisi watu wa Korogwe twaila tangu zamani pasipo kuijua jina. Kila apitaye Mombo kwa basi amewaona akina mama wakiinua mabeseni ya plamu na peasi mpaka madirishani. Matunda hayo hushuka kutoka Lushoto, mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal, katika milima ya Usambara yenye baridi iyafaayo. Peasi ina sorbitoli gramu 2 hivi katika kila gramu 100, na plamu zilizokaushwa zafika gramu 15. Yule abiria alaye beseni zima la plamu kutoka Mombo, kisha akamwomba dereva asimame kabla ya kufika Segera, asilaumu uchafu wa maji peke yake. Bibi zetu wa Kizungu katika misheni waliwapa plamu kavu watoto waliofunga choo, na sorbitoli ni sehemu ya sababu kwa nini zilisaidia.

Katika viwanda sorbitoli haitolewi katika matunda. Hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au wa muhogo: wanga hugeuzwa kuwa glukosi, na glukosi huongezwa hidrojeni. Zailitoli nayo ilianza kutolewa katika miti ya nchi za kaskazini. Wafini waliitumia wakati wa vita kuu ya pili, sukari ilipoadimika kwao. Siku hizi nyingi hutolewa katika magunzi ya mahindi, yale yale ambayo Handeni twayatupa jikoni kuwasha moto.

Utamu wake si sawa. Zailitoli ni tamu karibu sawasawa na sukari. Maltitoli yapungua kidogo. Sorbitoli ni kama sehemu sita katika kumi. Manitoli nusu tu. Gramu moja ya sukari yatoa kalori 4, bali ya sorbitoli yatoa 2.6 na ya zailitoli 2.4. Hupandisha sukari ya damu polepole na kidogo kuliko sukari yenyewe, na kwa ajili hiyo huwekwa katika vyakula vya wenye kisukari. Maltitoli ndiyo ipandishayo zaidi katika hizo, wala mgonjwa asiihesabu kuwa si kitu.

Lakini kwa nini tumbo lisumbuke? Sukari ya kawaida ikifika katika utumbo mwembamba hukatwa vipande viwili, na kila kipande kina mlango wake wa kuingilia damuni, nacho hupita upesi. Polioli hazina mlango wa namna hiyo. Hupenya kwa shida, kidogo kidogo, na sehemu kubwa hubaki ndani ya utumbo. Hapo hutokea mambo mawili. La kwanza, huvuta maji. Mama anyunyizaye chumvi juu ya matango yaliyokatwa huona baada ya kitambo maji yamejaa sahani. Polioli nazo huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kinyesi kikawa majimaji. La pili, zile zilizobaki hushuka hata utumbo mpana, ambako wamo bakteria wasiohesabika. Hao huzila na kuzichachusha kama togwa iliyosahauliwa katika mtungi, na hewa yake hujaa tumboni: hidrojeni, kaboni dioksaidi, na kwa watu wengine methani. Ndipo kunguruma, kuvimba na kukatwa na tumbo. Erithritoli ni tofauti na ndugu zake. Nyingi yake huingia damuni katika utumbo mwembamba na kutoka kwa mkojo, kwa hiyo husumbua tumbo kidogo zaidi.

Kiasi ndicho jambo kubwa. Kwa watu wengi sorbitoli ya gramu 5 hata 20 kwa siku yaweza kuleta upepo na maumivu, na ikipita gramu 20 huharisha. Gramu 20 ni nini? Ni kama vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa. Kipande kimoja cha ubani wa kutafuna, ambao watoto huuita bigijii, chaweza kuwa na gramu moja na robo. Peremende ngumu ina zaidi, kwa kuwa karibu yote ni polioli. Mzee wetu kwa peremende zake kumi na moja, bila kuhesabu biskuti, alikuwa amekwisha kupita mpaka huo kabla jua halijatua.

Wala asidhani mtu kwamba ni mzee wa shamba peke yake awezaye kupotea hivyo. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Charité huko Berlin waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza habari za wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21, aliyehara miezi mingi na kupungua kilo 11. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka 46, aliyepungua kilo 22. Walipimwa kwa vyombo vya kila namna, kisha ikaonekana ya kuwa mwanamke alikuwa akitafuna ubani wa sorbitoli gramu 18 hata 20 kila siku, na mwanamume alitafuna vipande 20 vya ubani na kula peremende hata gramu 200. Walipoacha, kuhara kukakoma na uzito ukarudi. Ikiwa Berlin, penye vyombo vyote hivyo, hakuna aliyeuliza mapema juu ya ubani, si ajabu Korogwe hakuna aliyeuliza juu ya mfuko wa koti.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana hatari yenyewe haikuwa katika kuhara. Hatari ilikuwa kwamba mtu aliacha dawa yake kwa kuituhumu kosa lisilo lake. Metformini yaweza kweli kusumbua tumbo, hasa katika majuma ya kwanza. Lakini mara nyingi hutulia ikianzwa kwa kiasi kidogo na kumezwa pamoja na chakula, tena iko namna itoayo dawa polepole ambayo daktari aweza kuibadilishia. Mtu anayetumia metformini pamoja na peremende za polioli ana visababu viwili kwa tumbo moja, na njia ya kuvitenga ni nyepesi: aache peremende juma moja, aendelee na vidonge, aone. Asifanye kinyume. Peremende hazimtibu mtu. Vidonge vyamlinda macho, figo na miguu.

Na ile taifodi je? Katika nchi yetu tumbo likisumbua siku tatu, neno la taifodi husikika upesi, kwa sababu ya kile kipimo cha damu kiitwacho Widal. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa hospitali ya Teule, Muheza, hapa hapa mkoani Tanga, kwa watoto waliolazwa. Ulionyesha ya kuwa wengi wa waliotajwa na kipimo hicho kuwa na taifodi hawakuwa nayo. Kuota kwa vijidudu katika damu ndiko kunakoaminika. Hatusemi taifodi haipo. Ipo, tena huua. Twasema mtu asinyweshwe dawa za taifodi kila mwezi kwa karatasi hiyo moja, bila homa, na bila mtu kumwuliza anakula nini.

Zipo dalili zisizongoja kuhesabu peremende: damu katika choo, homa, kukonda kusikoelezeka, kuhara kunakomwamsha mtu usingizini, au mtoto aliyelegea na macho yameingia ndani. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Juu ya kuhara kwa mtoto twapenda mama wote walisikie neno moja. Maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa nyumbani, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, hufanya kazi kwa sababu sukari ya kweli ndiyo ishikayo chumvi mkono na kuingia nayo utumboni, na maji yakaifuata. Ukitia unga wa polioli mahali pa sukari, kazi hiyo haifanyiki, tena kuhara kutazidi. Hata mwenye kisukari akihara sana hunywa maji yale yale yenye sukari, na kupima damu yake. Vilevile baadhi ya dawa za maji za watoto, za homa na za kikohozi, zimetiwa utamu wa sorbitoli. Mtoto akihara zaidi kila anywapo dawa, mama na achukue chupa yenyewe amwonyeshe daktari.

Lipo neno jingine la namna hiyo, na hili laweza kuokoa maisha. Mgonjwa achomaye insulini au amezaye glibenklamidi aweza kushukiwa na sukari ghafula: hutoka jasho jembamba, hutetemeka, husema maneno yasiyofuatana. Watu wa nyumbani hukimbilia peremende zake, kwa kuwa zi karibu. Peremende zisizo na sukari hazitamfaa wakati huo. Apewe sukari yenyewe, vijiko vitatu au vinne katika maji, au nusu bilauri ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, ikiwa hajapona, apewe tena, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mbio. Kwa sababu hiyo nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isikose kuwa na sukari kidogo kabatini, ingawa hainywi chai nayo.

Wako na watu wengine, ambao hawana kisukari, bali wana matumbo mepesi ya kuudhika. Hao huvimba kwa kitu kidogo ambacho mwenziwe hakisikii. Katika chuo kikuu cha Monash, mjini Melbourne, nchi ya Australia, wataalamu walianza mwaka 2005 kufundisha namna ya kula iliyokusanya pamoja vitu vyote vichachavyo tumboni: polioli, sukari ya maziwa, sukari ya matunda ikizidi, na vile vilivyomo katika vitunguu, ngano na jamii ya maharage. Kwetu vitu hivi ni vingi. Viazi vitamu vina manitoli, na uyoga wa namna nyingine pia. Kunde, mbaazi na maharage vina sukari zisizokatika. Maziwa mabichi huwashinda watu wazima wengi wa jamii za wakulima. Jirani zetu Wamasai wa Handeni huyaweza zaidi, na mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba ni jambo la urithi wa damu, lililotokea kwa wafugaji wa Afrika ya Mashariki mbali na la Wazungu.

Lakini tahadharini. Tumemwona kijana mmoja aliyesoma habari za chakula hicho, akaacha maharage, akaacha vitunguu, akaacha matunda, akaacha maziwa, akabaki na wali mtupu na chai, akadhoofika. Namna hiyo ya kula haikuwekwa iwe ya maisha. Ni ya majuma mawili hata sita, kwa uongozi wa mtu ajuaye, kisha kila chakula hurudishwa kimoja kimoja hata mtu ajue ni kipi kimsumbuacho na kwa kiasi gani. Nyumba inayopata nguvu zake katika kunde na maharage isiyatupe kwa ajili ya upepo. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya mpaka yawe laini sana. Sehemu ya vile vichachavyo huenda na maji. Machungwa ya Muheza na Handeni, wali, ugali na samaki havimo katika orodha ya wakosaji, ingawa mwenye kisukari hupima ugali na wali wake kwa sababu nyingine.

Na hiyo sababu nyingine ndiyo tuliyotaka mzee wetu aione. Biskuti ya wagonjwa wa kisukari ni unga wa ngano, na unga wote, uwe wa ngano, wa mahindi au wa muhogo wa kupikia bada, hugeuka glukosi tumboni. Mtu ajinyimaye vijiko viwili vya sukari, kisha akala mlima wa ugali na biskuti sita juu yake, amefunga mlango mdogo na kuacha mkubwa wazi. Maandishi ya “haina sukari” hayasemi kwamba chakula hakitapandisha sukari ya damu. Soko huuza tumaini, tena kwa bei kubwa. Sanduku lile la mwana mwema lingenunua samaki wa majuma kadhaa.

Ukipata kitu cha namna hii, geuza karatasi yake. Majina yamechapwa kwa Kiingereza, nayo mengi huishia kwa herufi tatu za mwisho, o na l zikiwa nyuma ya t. Zailitoli huanza kwa herufi X. Wengine huandika nambari badala ya jina: E420 ni sorbitoli, E421 manitoli, E953 isomalti, E965 maltitoli, E967 zailitoli, E968 erithritoli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yataka chakula chenye polioli zaidi ya sehemu kumi katika mia kiandikwe onyo kwamba kikizidi huharisha. Onyo hilo lipo hata katika vifurushi vingi viletwavyo kwetu, lakini limechapwa kwa herufi ndogo hata mzee hawezi kuliona pasipo miwani.

Hatupendi kuonekana kana kwamba twazitukana polioli. Zina kazi yake. Bakteria waozeshao meno hawawezi kuzitumia kama watumiavyo sukari. Huko Turku, nchi ya Wafini, uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba zailitoli hupunguza kuoza kwa meno. Mwalimu wa Handeni akitaka zawadi za watoto, moja moja yenye zailitoli si mbaya kuliko peremende za sukari. Ila aangalie jambo hili: zailitoli ni sumu kwa mbwa. Hushusha sukari ya damu yake kwa ghafula na yaweza kumwua. Wenye mbwa walindao mahindi na nguruwe mwitu wasimtupie mbwa biskuti au ubani wa namna hiyo. Juu ya erithritoli, mwaka 2023 wachunguzi wa Cleveland Clinic, Marekani, walitangaza kwamba watu wenye nyingi damuni walipatwa zaidi na magonjwa ya moyo na kiharusi. Hilo halijathibitisha kwamba ndiyo iliyowadhuru, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza kidogo, lakini ni sababu ya kutoimwaga kama maji. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitia-utamu ili kupunguza unene. Ushauri ule haukuzitaja polioli, wala haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari.

Mama wa Korogwe aliuliza mwishoni mwa barua yake afanye nini na ile chupa ya unga mweupe. Tuliisoma pamoja naye barazani. Ni sorbitoli tupu. Tukamwambia kijiko kimoja kwa siku hakitamdhuru mzee, lakini vinne alivyovizoea vitarudisha yale yale. Mzee mwenyewe akasema afadhali aizoee chai kavu. Siku hizi aichemsha na mchaichai, na mara nyingine tangawizi, naye asema juma la kwanza lilikuwa gumu, la tatu hakukumbuka tena. Vidonge amevirudia, na sukari ya damu yake imeshuka, ingawa bado daktari hajaridhika nayo. Macho yamefunguka, alitusomea gazeti bila kulisogeza mbali.

Peremende zilizobaki zimo katika kopo juu ya kabati. Mkewe amebandika karatasi juu ya kifuniko, ameandika kwa mkono wake: “Mbili tu kwa siku.” Na chini yake mzee, ambaye hawezi kuona maandishi bila kuyasahihisha, ameongeza nukta iliyosahauliwa.